Chumba Kinachokusumbua: Kusoma Dalili za Nyumba za Mtwara na Lindi Kabla ya Kununua Rangi na Sofa

Fedha za korosho zikianza kuingia, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, nyumba nyingi za Mtwara na Lindi huanza kubadilika sura. Rangi mpya, dari ya jipsamu, mapazia, sofa la kuagiza kwa seremala. Wakati huohuo mvua nazo ziko njiani. Ikifika Mei, sebule ileile ina ukuta unaobabuka, dari ina ramani ya kahawia, na kabati likifunguliwa linatoa uvundo. Mwenye nyumba anamlaumu fundi rangi, na fundi rangi anailaumu rangi.

Mara nyingi rangi haina kosa lolote. Vyumba vya pwani yetu huharibiwa na maji, hewa iliyokwama na jua, na mapambo yote huwekwa juu ya hayo. Kwa hiyo hapa tutaanza na dalili unayoiona, tutafute chanzo chake, ndipo tufike kwenye fedha. Mpangilio wa kazi ufuate njia hiyohiyo: paa likaguliwe na kuzibwa wakati wa ukavu, Agosti au Septemba, kuta zifuate zikiwa zimekauka, rangi na samani zije mwisho. Kama fedha itapatikana Novemba tu, ziba paa na ununue vitu vya ndani, lakini ukuta wenye unyevu uache hadi ukavu urudi. Kuupaka katikati ya mvua ni kufungia maji ndani.

Chumba kinachemka kuanzia saa nane mchana mpaka usiku wa manane

Usikimbilie kununua kiyoyozi. Panda juu ya kiti saa tisa alasiri, uguse dari kwa kiganja. Kisha gusa kuta zote nne, moja baada ya nyingine. Mkono utakuambia joto linatoka wapi.

Dari ikiwa ndiyo ya moto kuliko kuta, tatizo ni bati. Hewa iliyo kati ya bati na dari inapata joto na haina pa kutokea, hivyo inalisukuma joto chini, hata baada ya jua kuzama. Dawa ya kwanza ni rahisi: fundi aache matundu chini ya paa pande mbili zinazotazamana, ayafunge kwa wavu mgumu ili popo na panya wasipite. Upepo ukipita juu ya dari, chumba kinapoa bila umeme. Kama unaezeka upya, chagua bati la rangi hafifu. Bati la rangi ya damu ya mzee au kijani kibichi linapendeza machoni, ila linanyonya joto zaidi, na gharama yake utailipa kila usiku wa Januari.

Ukuta mmoja ukiwa wa moto, mara nyingi ni ule wa magharibi. Mtwara iko karibu na nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huhama: Juni liko upande wa kaskazini, Desemba limesogea kidogo kusini, na nyakati hizo zote liko juu kiasi kwamba ukingo mzuri wa paa unalizuia. Jua la jioni halina ukingo wa kulizuia. Linaingia likiwa chini, moja kwa moja dirishani. Watu wengi huweka pazia zito la ndani, lakini jua likishavuka dirisha joto limekwisha ingia. Kinga iwekwe nje: chiki ya mianzi (pazia la vijiti la kuviringisha), kibaraza cha makuti, au mti uliopandwa mbali kidogo na msingi. Mwarobaini unakua haraka na kivuli chake ni kizuri.

Kama dari na kuta ni za kawaida na bado unatoka jasho, basi hewa haipiti. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu marekebisho ya miaka ya karibuni yameziba nyumba nyingi zilizokuwa zikipumua.

Chukua dirisha la zamani la mbao lenye mbawa mbili: ukilifungua, linafunguka lote. Likiondolewa na kuwekwa la alumini la kusukuma, kioo kimoja hukaa nyuma ya kingine, na nusu ya nafasi ya upepo imepotea. Ongeza wavu wa mbu ambao haujaoshwa tangu ulipofungwa, ongeza pazia la kitambaa kizito, na sofa lenye mgongo mrefu lililobanwa chini ya dirisha. Upepo uliokuwa unaingia sasa unakwangua tu. Ukitaka alumini, mwambie fundi akutengenezee la kufunguka kama mlango, au la vipande vya kioo vinavyolala. Wavu uoshwe kwa brashi laini na sabuni mara vumbi linapouziba. Wengi hushangaa chumba kinavyobadilika kwa kazi hiyo moja tu.

Kisha fikiria upepo unaingilia wapi na kutokea wapi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kwa kawaida kuanzia Aprili au Mei hadi karibu na Oktoba, na kaskazi hutoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba hadi Machi. Misimu yote miwili upepo unatoka upande wa bahari. Hivyo dirisha kubwa liwe mashariki, kusini au kaskazini, na upande wa magharibi uhitaji tundu la kutolea tu, dogo na la juu, karibu na dari. Tundu la juu hutoa hewa moto na haliruhusu jua jingi. Chumba chenye dirisha moja tu hakiwezi kupitisha upepo hata kama dirisha ni pana; fungua nafasi juu ya mlango wa ndani, weka nakshi ya mbao au matofali ya matundu, hewa itokee kwenye korido.

Pangaboi nalo lina sheria zake. Mapanga yawe angalau mita 2.1 juu ya sakafu, na ikiwezekana mita 2.4. Likizunguka polepole hata ukiongeza kasi, mara nyingi ni kapasita imechoka, kifaa cha bei ndogo ambacho fundi umeme hubadilisha haraka. Na kama dari inawaka, pangaboi litakushushia joto hilo kichwani. Rudi kwenye matundu ya paa kwanza.

Wanaoishi Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, huenda sehemu hii isiwaguse sana. Kule usiku wa Juni na Julai watu hutafuta blanketi. Wao wapunguze matundu ya upande wa kusi, waendelee na sehemu ya kuta inayofuata.

Rangi inababuka, ukuta unatoa unga mweupe, au kuna madoa meusi

Haya ni magonjwa tofauti, na fundi anayesema "Mama, tupige skimu tu, itaficha", yaani tabaka jembamba la kulainisha ukuta, anakuuzia kazi ya miezi michache. Angalia doa liko wapi.

Chini ya ukuta, kuanzia sakafuni hadi takriban mita moja: maji yanapanda kutoka ardhini. Huenda msingi haukuwekewa nailoni nzito kabla ya tofali la kwanza, au udongo wa nje umerundikana mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Hilo la pili ni la kawaida kwenye mitaa yenye mteremko, ambako kila mvua huleta mchanga mpya ukutani. Chimba udongo ule, ushushe chini ya usawa wa sakafu, tengeneza mteremko wa kupeleka maji mbali na nyumba. Subiri ukavu mzima. Kuta nyingi hupona kwa jembe peke yake.

Unga mweupe unaokwaruzika ni chumvi. Tia tone la maji: chumvi itayeyuka na kupotea, ukungu hauyeyuki. Chumvi huletwa na maji yanayopanda, au ilikuwamo tangu mwanzo kwa sababu tofali au plasta ilichanganywa na mchanga wa ufukweni. Mchanga huo usiingie nyumbani kwako kwa bei yoyote, kwani chumvi yake hula hata nondo ndani ya zege. Kwa ukuta uliokwisha athirika, piga brashi kavu, zoa unga uutoe nje, rudia kila unapojitokeza. Kuuosha kwa maji mengi hurudisha chumvi ndani ya ukuta. Plasta iliyooza ibanduliwe hadi kwenye tofali, ipigwe upya kwa mchanga wa mtoni au wa shimo uliosafishwa, na isipakwe rangi kabla ya wiki nne.

Juu ya ukuta au kwenye dari: paa linavuja. Doa la kahawia lenye kingo kama ramani ni maji yaliyopita kwenye kenchi (mbao za paa) zenye vumbi. Mtume fundi akague kofia ya paa na misumari, hasa ile iliyopigwa bila mpira wake. Jipsamu iliyolowa na kulegea ikatwe ibadilishwe, haitanyooka tena. Bafuni nisingeweka jipsamu kabisa. Dari ya plastiki inafutika na haivimbi.

Katikati ya ukuta, peke yake: tazama upande wa pili. Kuna bafu, sinki au bomba.

Pembeni, nyuma ya kabati, nyuma ya kitanda, madoa meusi yenye harufu: huo ni ukungu unaotokana na hewa yenye unyevu iliyokosa njia. Kama huna uhakika iwapo unyevu ni wa ukuta au wa hewa, kata kipande cha nailoni safi, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, upande wa chumba, ni ya hewa. Jaribio hilo linagharimu karibu bure, na linaokoa ndoo nzima ya rangi.

Nyumba za zamani za Mikindani, na zile za mji wa kale wa Kilwa Kivinje mkoani Lindi, zinahitaji uangalizi wa peke yake. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wakati wa mvua kisha huutoa taratibu kupitia uso wake. Ukiufunika kwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu unakosa mlango. Unajikusanya nyuma, chumvi inajenga fuwele, na plasta inatoka vipande vipande ikiwa imebeba jiwe. Ukirithi nyumba kama hiyo, rekebisha kwa chokaa na upake chokaa. Fundi akikuambia saruji ni imara zaidi, anasema kweli kuhusu saruji, lakini ukuta ule hauhitaji ugumu huo. Nyumba hizi zikiharibiwa hazijengwi tena, na naomba wenye nazo walizingatie hili kabla hawajaleta mfuko wa kwanza.

Sebule ni kubwa kwenye ramani lakini watu wanapishana kwa ubavu

Chanzo ni kununua samani kabla ya kupima njia. Seti ya sofa ya watu saba inaagizwa kwa sababu jirani anayo, inafika, mlango haufunguki wote.

Pima hivi. Chora chumba kwenye karatasi, weka alama za milango na madirisha, kisha chora mstari wa njia ambayo mtu hupita kutoka mlango mkubwa kwenda korido, na kutoka korido kwenda jikoni. Njia hiyo iachiwe sentimita 90. Kati ya sofa na meza ndogo acha sentimita 40 hadi 45. Nyuma ya kiti cha meza ya chakula acha angalau sentimita 75 ili anayekaa aweze kukivuta. Kinachobaki ndicho chako.

Sofa la kawaida lina kina cha karibu sentimita 90. Masofa mawili yakitazamana kwenye chumba chenye upana wa mita tatu, tayari yamekula mita 1.8, na ukiweka meza katikati hakuna njia. Kabla ya kutoa malipo ya awali, tandika kanga sakafuni mahali sofa litakapokaa. Kanga ina urefu wa takriban mita moja na nusu na upana wa zaidi ya mita moja kidogo. Ukiikunja kidogo upana upate sentimita 90, una umbo la sofa la watu wawili. Acha kanga zilale hapo jioni nzima, familia ipite na maisha yake. Wanapozikanyaga ndipo pasipofaa.

Uzuri wa huku kwetu ni kwamba seremala anatengeneza kwa vipimo vyako. Mpe namba, usimpe picha ya simu peke yake. Mwombe kina cha sentimita 80, mikono myembamba, na miguu iliyo wazi chini ili sakafu ionekane na ufagio upite. Sofa lenye miguu hufanya chumba kionekane kipana, na halifugi unyevu chini yake.

Kuna hoja ya wageni. Mama wa nyumba atasema: "Siku ya hitma watu watakaa wapi?" Ni swali la haki. Lakini siku hiyo watu wengi hukaa chini, juu ya majamvi na mikeka, na seti kubwa ya sofa ndiyo inayotolewa nje kwa shida. Chumba chenye sofa moja la watu watatu, viti viwili vyepesi na mikeka mizuri iliyoviringishwa kabatini kitapokea wageni wengi kuliko kilichojaa mito na migongo mirefu. Nyumba inayopokea ndugu wakati wa jando na unyago inajua hilo.

Televisheni isikae mbele ya dirisha wala kulitazama. Ukuta ulio ubavuni mwa dirisha unafaa.

Chumba cha kulala kidogo, kitanda kikubwa

Kitanda cha futi sita kwa sita kina upana wa karibu sentimita 183. Katika chumba cha mita tatu, kikiwekwa katikati, kila upande unabaki na chini ya sentimita 60, na kabati halina mahali. Kubali futi tano kwa sita, au sogeza kitanda ukutani kama analala mtu mmoja. Chandarua nacho kipimwe: cha duara kinachoning'inia kutoka ncha moja kinamkaribia sana mlalaji, cha mstatili chenye pembe nne huacha nafasi na hewa. Na pangaboi lisikae mahali linapoweza kukivuta.

Chumba kiko gizani hata mchana

Angalia kwanza kinachoziba: mti, pazia, kabati lililoegemezwa dirishani. Kisha paka dari na ukuta unaotazamana na dirisha rangi nyeupe isiyong'aa. Ukuta huo ndio unaorudisha mwanga ndani. Rangi kali weka ukuta ulio na dirisha lenyewe, au uache kabisa. Usiku, taa moja nyeupe sana katikati ya dari huwafanya watu waonekane wagonjwa. Weka taa mbili au tatu zenye mwanga wa manjano kidogo, kati ya 2700K na 3000K kwa alama za kifurushi, na taa nyeupe ibaki jikoni na penye kusomea.

Vinyago vya mpingo na vifaa vingine vya mbao havifai kuwekwa penye jua la moja kwa moja. Vinapasuka.

Jiko linaingiza moshi na joto vyumbani

Jiko la mkaa lisitumike ndani ya chumba kilichofungwa hata siku ya mvua. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua. Lipate banda la nje lenye paa, upande ambao upepo unachukua moshi mbali na madirisha. Kwa kuwa pepo zetu kuu hutoka mashariki, upande wa magharibi wa nyumba ndio unaofaa. Anayepika kwa gesi ajue kuwa gesi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, hivyo jiko lihitaji tundu karibu na sakafu pamoja na dirisha la juu. Mtungi usimame wima daima.

Kaunta iwe na kimo cha sentimita 85 hadi 90. Mpishi akiumwa mgongo, ipime kabla ya kununua dawa.

Kabati linanuka, bawaba zinashika kutu, vumbi la mbao linaonekana sakafuni

Uvundo: sogeza kabati liache sentimita tano hadi kumi kutoka ukutani, liinue kwa miguu, toboa matundu mgongoni karibu na juu na karibu na chini. Usilibane kwenye ukuta wa nje ambao mvua inaupiga. Makabati ya mbao za kubandikwa yanavimba miguuni kwa maji ya kudekia. Ukiwa nayo tayari, yapandishe juu ya vipande vya marumaru.

Kutu: karibu na bahari, Shangani ya mjini Mtwara kwa mfano, bawaba na vitasa vya chuma chepesi havidumu. Tumia shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, na nondo za dirishani zipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, hasa kwenye maungio ya kuchomea ambako kutu huanzia.

Vumbi laini la mbao ni kazi ya bungua, mdudu anayetoboa mbao. Njia za udongo zinazopanda ukutani ni za mchwa. Kufuta njia hizo kwa fagio hakuwaondoi, kwani kundi liko ardhini. Fuata njia hadi mahali inapotokea, itiwe dawa na mtu anayejua kuitumia, na mbao iliyogongwa ikatoa sauti ya utupu itolewe yote. Unapoagiza mpya, omba moyo wa mninga au mvule na ukatae ile sehemu nyeupe ya pembeni, ambayo mchwa huianza mapema hata kwenye mti mgumu. Kagua mbao zenyewe kwa seremala kabla hazijapakwa vanishi.